Namna ya Kuhakiki Ujumbe wa Tahadhari Kuhusu Viumbe wa Hatari

Mwaka 1999 ilizunguka nchini Marekani barua pepe iliyodai kwamba wanawake wa Chicago walikuwa wakifariki baada ya kuumwa na buibui aliyejificha chini ya kiti cha choo. Barua hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho msomaji mwenye haraka hukihitaji ili aamini: jina la kisayansi la buibui mwenyewe, Arachnius gluteus; jarida la kitabibu lililosemekana kuchapisha habari hizo; uwanja wa ndege wa Chicago ulioitwa Blare; na bodi ya usafiri wa anga iliyodaiwa kukagua ndege. Chicago ina uwanja uitwao O'Hare, si Blare. Jarida lile halikuwapo, buibui yule hayumo katika orodha yoyote ya wanasayansi, na bodi ya anga ya Marekani yenye jina linalokaribiana na lile la kwenye barua ilikuwa imevunjwa tangu mwanzoni mwa 1985.

Mwaka 2002 barua hiyohiyo ilirudi ikiwa imefanyiwa ukarabati. Safari hii wagonjwa walikuwa wa Florida kaskazini, na buibui alipewa jina la Telamonia dimidiata, ambaye ni buibui wa kweli kabisa. Tofauti ni kwamba buibui huyo ni wa jamii ya buibui warukao, makazi yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, na hana madhara kwa binadamu. Ninaanza na barua hizi mbili kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo waelekezaji wengi hulipita: mtu akiishia kuuliza kama jina la kiumbe lipo, barua ya kwanza itamuumbua mtunzi wake, lakini ya pili itampita msomaji. Swali la maana zaidi ni kiumbe huyo anaishi wapi, ana ukubwa gani, anakula nini, na je, mwili wake unaweza kufanya kile anachosingiziwa.

Barua pepe za namna hiyo zimepungua, na nyingi zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, ya wazazi wa shule na ya waumini, lakini muundo wake haujabadilika. Bado zinasema "wiki iliyopita" bila kutaja tarehe, bado zinamnukuu daktari asiye na kituo cha kazi, na bado zinamalizia kwa kumwomba msomaji awatumie wote anaowapenda. Dalili hizi zinatosha kukufanya usimame, ila hazitoshi kukufanya uhukumu, kwa maana hata tahadhari ya kweli huweza kuandikwa vibaya na mtu aliyeogopa.

Vunja ujumbe vipande

Kazi ya kwanza ni kuutenganisha ujumbe katika madai yake, kwa kuwa ujumbe mmoja mara nyingi hubeba madai manne au matano, na kila dai lina mahali pake pa kuhakikiwa. Chukua mfano wa ujumbe uliozunguka kwa miaka mingi ukiwa na picha ya mdudu wa kahawia mwenye vijitundu vingi mgongoni, na kando yake picha ya mkono wa binadamu uliojaa matundu kama hayo. Maandishi yake huonya kwamba mdudu huyo ametokea India, kwamba hapaswi kuuawa kwa mkono mtupu, na kwamba ana kirusi kinachoenea mwilini kwa dakika chache. Hapo kuna madai yasiyopungua matano: kwamba mdudu huyo yupo, kwamba ni mgeni kutoka India, kwamba hubeba kirusi, kwamba kirusi hicho huambukiza kwa kugusa, na kwamba mkono ule umeathiriwa naye.

Dai la kwanza ni kweli. Mdudu yupo, ni mdudu mkubwa wa majini wa familia iitwayo Belostomatidae, na ndugu zake wanapatikana karibu kila bara lenye joto, Afrika ikiwamo. Kinachoonekana kama vijitundu ni mayai, kwani katika baadhi ya spishi za familia hiyo jike hugandisha mayai yake mgongoni mwa dume, na dume huyabeba hadi yaanguliwe. (Baba mlezi wa namna hii ni nadra sana miongoni mwa wadudu, na ni bahati mbaya kwamba ndiye aliyegeuzwa kuwa jini.) Mdudu huyo anaweza kuuma, na wanaovua au kuogelea kwenye mabwawa wanaweza kushuhudia kwamba maumivu yake si madogo, lakini hana kirusi cha kutoboa ngozi. Ule mkono ni picha ya kughushiwa: mtu alichukua picha ya tunda la lotasi, mmea wa majini ambao tunda lake lina matundu ya mbegu, akalipachika juu ya picha ya ngozi kwa programu ya kuhariri picha. Kwa hiyo picha moja ilikuwa ya kweli, nyingine ya uongo, na ile ya kweli ndiyo iliyoipa ya uongo nguvu.

Anza na kiumbe

Ukishayatenga madai, anza na kiumbe mwenyewe kabla ya kushughulika na daktari, hospitali au idadi ya marehemu, kwa sababu kiumbe ndiye shahidi asiyebadilika kadiri ujumbe unavyohama kutoka nchi moja hadi nyingine. Kama ujumbe umetaja jina la kisayansi, liandike kwenye mtambo wa kutafutia habari kama lilivyo, kisha ulilinganishe na orodha za kitaalamu ambazo ziko wazi kwa kila mtu bila malipo. Kwa buibui ipo World Spider Catalog, inayotunzwa na jumba la makumbusho ya elimu-viumbe la Bern, Uswisi, ambayo mwaka 2022 ilifikisha spishi 50,000. Kwa nyoka na mijusi ipo Reptile Database. Na kwa viumbe wa kila aina ipo GBIF, yenye ramani zinazoonyesha ni wapi duniani kila spishi imewahi kurekodiwa. Ramani hiyo ndiyo kifaa ninachokipendekeza kuliko vyote, kwa kuwa kiumbe anayedaiwa kuua watu Mbeya, ilhali rekodi zake zote ziko Sumatra na India, anahitaji kwanza kuelezwa alifikaje.

Kama ujumbe una picha tu bila jina, programu za iNaturalist na Google Lens zinaweza kukupa jina la kuanzia. Zichukulie kama jirani anayekisia, si kama mtaalamu. Kwenye iNaturalist jibu la mashine hutangulia, lakini jibu la kuaminika zaidi ni lile lililothibitishwa na watu wanaowafahamu viumbe hao. Programu za mazungumzo za akili unde zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwani zinaweza kutaja jina la kisayansi lisilokuwapo kwa ufasaha uleule zinaoutumia kutaja lililopo. Jina lolote zitakalokupa lirudishe kwenye orodha zilizotajwa hapo juu.

Kisha hesabu miguu. Ushauri huu unaonekana wa kitoto, lakini umefichua picha nyingi: mdudu ana miguu sita, buibui na nge wana minane, na picha zinazotengenezwa na akili unde mara nyingi hukosea hesabu hiyo au huunganisha mguu mahali ambapo hauwezi kuota. Kuna kiumbe mmoja anayeonekana kuwa na miguu kumi, naye ndiye aliyewatisha wengi mwaka 2004, wakati barua pepe kutoka Iraki ilipoonyesha wanyama wawili wa kutisha wakining'inia karibu na mkono wa sare ya askari, wakionekana kuwa warefu kama paja la mtu. Wanyama hao ni wa oda ya Solifugae, ambao si buibui hasa ingawa ni jamaa zao, na ile jozi ya mbele si miguu bali ni viungo vya kupapasia. Barua ilidai kwamba wanakimbia kilomita 40 kwa saa, wanapiga mayowe, na wanamtia askari aliyelala ganzi kabla ya kumla nyama. Ukweli ni kwamba hawajulikani kuwa na sumu ya kumdhuru mtu, mwendo wao wa kasi kabisa ni kama kilomita 16 kwa saa, na mkubwa wao, miguu ikiwa imenyooshwa, hufikia takriban sentimita 15. Wanapomkimbilia mtu huwa wanafuata kivuli chake, kwa sababu wanalikwepa jua. Wakazi wa maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya wanawafahamu vizuri, na hawajamalizwa nao.

Walionekanaje wakubwa hivyo? Wale wawili walikuwa wameng'atana na wameshikwa karibu sana na kamera, huku sare ikiwa nyuma. Hakuna kilichohaririwa. Ndiyo maana inafaa kutafuta ndani ya kila picha kitu unachokijua ukubwa wake, kisha kujiuliza kama kitu hicho na kiumbe viko umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Mvuvi anayemsogeza samaki mbele kwa mikono iliyonyooka anaujua ujanja huu bila kufundishwa.

Fuatilia picha hadi ilikotoka

Kutafuta kwa kutumia picha yenyewe ni hatua isiyochukua hata dakika tatu. Hifadhi picha kwenye simu, kata maandishi na fremu zilizoongezwa, kisha ipakie kwenye Google Lens au TinEye. TinEye ina uwezo wa kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi, na hilo ndilo unalolihitaji, kwa maana picha ya tukio la juzi haiwezi kuwa ilionekana mtandaoni miaka kumi iliyopita. Kwa video, isimamishe katika sehemu tatu au nne tofauti, piga picha ya skrini kila mara, na utafute kila moja peke yake. Ukipata matokeo mengi yenye maelezo yanayopingana, usichague lile unalolipenda. Rudi nyuma hadi kwenye chapisho la kwanza lenye jina la mpigapicha au taasisi.

Mfano ulio bora ni wa papa. Mwaka 2001 barua pepe ilisambaza picha ya papa mkubwa mweupe akiruka kutoka majini kumfuata askari aliyekuwa akining'inia kwenye ngazi ya helikopta. Maelezo yalidai kwamba ilipigwa karibu na pwani ya Afrika Kusini na kwamba National Geographic ilikuwa imeichagua kuwa picha ya mwaka. Papa alikuwa wa Afrika Kusini kweli. Helikopta, hata hivyo, ilikuwa ya Jeshi la Anga la Marekani, na nyuma yake lilionekana waziwazi daraja la Golden Gate la San Francisco, ambalo haliwezi kuonekana kutoka pwani yoyote ya Afrika. Picha mbili zilikuwa zimeunganishwa, na National Geographic ilikana kuhusika. Maelfu waliisambaza wakimtazama papa, bila kulitazama daraja.

Wakati mwingine picha haijaguswa kabisa, ila imehamishwa. Baada ya kimbunga Katrina kuipiga New Orleans mnamo Agosti 2005, ilizunguka picha ya mamba mkubwa aliyeuawa, na maelezo yalisema alikamatwa mjini humo akitafuta watu wa kula, akiwa na urefu wa futi 21 na uzito wa pauni 4,500. Picha ilikuwa ya mamba wa Mto Nile aliyeuawa Pointe-Noire, katika Jamhuri ya Kongo, kabla ya kimbunga hicho kutokea. Mtu anayewafahamu wanyama hawa angeweza kushtuka bila hata kutafuta picha, kwa kuwa anayeishi kwenye mabwawa ya Louisiana ni aligeta, mwenye pua pana ya mviringo na ambaye akifumba kinywa jino la nne la taya la chini halionekani, ilhali la mamba huonekana.

Zipime namba

Namba za mamba huyo zinastahili kutazamwa kidogo. Futi 21 ni mita 6.4, na pauni 4,500 ni zaidi ya kilo 2,000. Mamba aliyeitwa Lolong, aliyekamatwa Ufilipino mwaka 2011 na kupimwa na wataalamu, alikuwa na mita 6.17 na uzito wa kilo 1,075. Mamba wa barua pepe, basi, angemzidi Lolong kwa urefu usiofikia robo mita huku akimzidi uzito karibu mara mbili. Ukiona kiumbe amevunja rekodi ya dunia bila ya ulimwengu kupata habari, hapo pana jambo.

Njia hiyohiyo inatumika kwa idadi ya waliokufa. Kuna ujumbe uliowafikia wengi, hasa Uarabuni na pwani yetu, kuhusu joka la Bahari ya Shamu lililodaiwa kuua watalii 320 na wapiga mbizi 125 kabla ya kuuawa na wanasayansi wa Misri. Jumla ni watu 445. Watalii wa kigeni 320 wakifa mahali pamoja, kila ubalozi ungetoa taarifa, mashirika ya ndege yangefuta safari, na magazeti ya nchi zao yangeandika kwa wiki nzima. Usipoona chochote kati ya hivyo, joka halihitaji uchunguzi zaidi.

Ukweli ukiwa umechanganyika na chumvi

Sehemu ngumu zaidi ni ujumbe ulio kweli nusu, na hapa ndipo wahakiki wapya hujikwaa, kwa kuwa wakishazoea kukanusha huanza kukanusha kila kitu. Nairobi fly ni mfano wa nyumbani. Kila baada ya mvua nyingi, kama zile za El Niño za 1997 na 1998, ujumbe huanza kuzunguka kuhusu kijidudu chekundu na cheusi chenye tindikali inayounguza ngozi. Kijidudu hicho, ambacho ni mbawakavu wa jenasi ya Paederus wala si nzi, kweli kina sumu iitwayo pederini, na kweli ngozi huwaka na kutoa malengelenge. Lakini hakiumi wala hakichomi. Sumu hutoka kinapopondwa juu ya ngozi, dalili huja baada ya saa nyingi, na kwa kawaida mtu hupona ndani ya wiki chache. Ushauri sahihi ni kukipuliza kiondoke bila kukiponda, kunawa kwa maji na sabuni mahali kilipopita, na kupunguza taa za usiku zinazokivuta ndani. Ujumbe unaosema kwamba kinaua umeongezwa chumvi. Ujumbe unaosema usikiponde uko sahihi, na haufai kutupwa pamoja na huo wa kwanza.

Vivyo hivyo kwa panya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 umekuwapo ujumbe kuhusu mtu aliyekufa baada ya kunywa soda kwenye kopo lililokuwa na mkojo wa panya mkavu. Bakteria wanaotajwa, wa leptospira, hawastahimili ukavu, kwa hiyo kisa cha kopo kavu kina walakini mkubwa. Hata hivyo ugonjwa wenyewe si hadithi: mnamo Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwatoa watu damu puani huko Ruangwa, mkoani Lindi, ulikuwa homa ya mgunda, ambalo ndilo jina letu la leptospirosisi, na kwamba kati ya wagonjwa 20 waliokuwa wameripotiwa watatu walikuwa wamefariki. Maambukizi yake hupatikana hasa kwa kugusa maji au udongo wenye mkojo wa wanyama walioambukizwa. Aliyeutupilia mbali kila ujumbe kuhusu mkojo wa panya kwa sababu ya kile kisa cha kopo angekosa tahadhari iliyomhusu.

Kwa hiyo ujumbe unapotaja wizara, hospitali au taasisi, usiridhike na nembo iliyomo kwenye picha ya barua. Fungua tovuti au ukurasa rasmi wa taasisi hiyo mwenyewe, utafute taarifa yenye tarehe ileile, na kama haipo, piga simu kwa namba iliyoko kwenye tovuti, si ile iliyoko kwenye ujumbe. Kwa nyoka, buibui na wadudu wa kwetu wapo watu wa kuwauliza: Makumbusho ya Taifa ya Kenya, idara za elimu ya wanyama za vyuo vikuu, Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro, na kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Wapo pia wahakiki wa taarifa kama Africa Check, PesaCheck na JamiiCheck, na mara nyingi utakuta ujumbe ulioletewa leo walishaushughulikia zamani.

Dai ambalo halipaswi kusubiri ni la tiba. Ujumbe unaweza kuwa wa kweli kuhusu kiumbe na ukawa wa hatari kuhusu dawa, kwa mfano ukimshauri aliyeumwa na nyoka achanjwe kwa wembe, anyonywe jeraha au awekewe jiwe la nyoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka, na muda unaopotea kwenye tiba za namna hiyo ni muda ambao mgonjwa angekuwa njiani kwenda hospitali. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali. Uhakiki wa jina la nyoka utafanywa na wengine. Vilevile, ukiwa na kiumbe mwenyewe mbele yako badala ya picha, mpige picha kwa mbali, uwaondoe watoto, na umchukulie kuwa ana sumu hadi utakapojua vingine.

Kumjibu aliyekutumia

Aliyekutumia ujumbe mara nyingi ni mkubwa wako, na ametuma kwa sababu anakujali. Kumkanusha mbele ya kundi zima la ukoo kutamfanya autetee ujumbe badala ya kuufikiri. Mwandikie faragha: "Shikamoo mama mdogo. Nashukuru kwa kutukumbuka. Nimeutazama ule ujumbe wa mdudu. Mdudu ni wa kweli, ila ile picha ya mkono imetengenezwa, na maelezo yake nimekuwekea hapa. Ungependa tuwaeleze na wengine?" Taja kwanza kilicho kweli, kisha kisicho kweli, na uambatanishe kiungo au picha ya asili badala ya maneno yako matupu. Akikubali, yeye mwenyewe ndiye anayefaa kulieleza kundi.

Mwisho, usiufute ujumbe uliokwisha kuuhakiki. Uhifadhi pamoja na picha ya asili na tarehe uliyouona, kwa kuwa picha hizi huzunguka tena na tena. Picha ya papa akimfuata mtu ndani ya mtumbwi, iliyopigwa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2005, ilikatwa, na papa akapachikwa kwenye barabara iliyofurika maji: mwaka 2011 akadaiwa kuonekana Puerto Rico, mwaka 2017 akadaiwa kuonekana Houston. Mafuriko yajayo yakileta picha yake ikiwa na jina la barabara ya mji wako, utakuwa na jibu tayari kwenye simu.